Spiriti ya Karabai

Mpaka leo nikipita mahali wanapopasua mbao, navuka barabara niende upande wa pili. Watu hudhani naogopa vumbi. Siogopi vumbi. Naichukia ile harufu ya mti uliofunguliwa, ile tamutamu inayokuja na kukaa nyuma ya koo. Kuna mwalimu niliyewahi kufanya naye kazi ambaye alisema harufu hiyo inamkumbusha nyumba mpya. Mimi inanikumbusha mama.

Siku hizi nawasikia wataalamu redioni wakisema kwamba ndani ya kila mti kuna gundi, wanaiita lignini, na kwamba gundi hiyo inaweza kugeuzwa kuwa mafuta, rangi, dawa, hata plastiki, badala ya kutupwa. Wanaongea kana kwamba wameigundua juzi. Mimi habari hiyo niliisikia Kisumu Ndogo, Kibera, katika miaka ya tisini, nikiwa msichana aliyemaliza fomu foo na hana kazi, kutoka kwa seremala aliyekuja kwetu na mkokoteni wa vumbi la mbao kutoka Kawangware. Sina ubishi nao. Najua gundi hiyo ina nguvu. Nilikuwepo ilipotuonyesha.

Wakati huo mama alikuwa anauza omena, wale dagaa wa ziwani, karibu na reli, na macho yake ndiyo yaliyokuwa kazi yake. Aliutazama ungo mzima wa omena mara moja tu, akatia vidole viwili na kutoa kijiwe ambacho mimi nisingekiona hata kama ningelipwa. Wanawake wote wa ploti yetu walimletea sindano awatilie uzi, hata walio wadogo kwake, naye aliwatilia huku anaongea mambo mengine. Nikitumwa dukani, nikirudi aliniambia nilisimama na nani na alivaa shati gani, ilhali duka lilikuwa mbali kule chini ya mteremko. Kwa msichana wa umri wangu hayo hayakuwa macho ya kufurahia hata kidogo.

Kabla ya omena, mama alikuwa mpishi wa chang'aa. Siyo mpishi tu. Watu walitoka Kianda na Ayany, wengine na tai shingoni, kuja kuulizia ya kwake. Sababu ni kwamba alikuwa anapima. Kwanza alimwaga tone kwenye kijiko akawasha kiberiti. Moto ukiwa wa manjano, alirudisha yote kwenye pipa. Ukiwa wa buluu, mtulivu, usioonekana vizuri mchana, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu alijaza kifuniko cha chupa na kukinywa. Kila ilipobadilika inayotoka kwenye paipu ya shaba iliyopoesha mvuke, alionja tena, ya kwanza, ya katikati, ya mwisho. Niliwahi kumwuliza kwa nini hatemi. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa na mtoto kwa nini maji ni maji.

"Ukitema hujaijua, nyathina. Ulimi unadanganywa. Koo halidanganywi." Nyathina ni mwanangu, kwa Kijaluo chetu.

Kisha akaokoka. Wanawake wa kanisa walikuja wakiongozwa na mwenyekiti wao, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kufukuza ng'ombe, wakaimba wakizunguka mapipa yake na kuyatoboa kwa jembe. Jumapili iliyofuata mama alisimama mbele ya kanisa lote kutoa ushuhuda. Aligusa koo lake kwa vidole vyote vitano. "Kutoka leo," alisema, "hata nikiwa nakufa, hata mniambie ni dawa, pombe haipiti hapa tena." Watu walipiga vigelegele, mwenyekiti akamkumbatia. Mimi nililia kwa furaha, kwa sababu tulikuwa tumechoka kukimbia polisi. Kitu kimoja tu hakukitoa kitobolewe. Paipu yake ya shaba aliifunga kwenye leso kuukuu na kuisukuma chini ya kitanda. Alisema shaba haina dhambi.

Fundi aliyekuja na mkokoteni alikuwa mtu wa Machakos, mrefu, mpole, mwenye nyusi zilizoungua. Alikuwa na kibanda cha useremala Kawangware, mahali mashine za kupasua mbao zilikuwa zinanguruma kutwa nzima na vumbi lake likarundikwa nyuma mpaka likawa kilima. Kilima hicho nilikiona. Juu kilikuwa kimelowa mvua, lakini ukichimba kidogo kwa kijiti unatoka moshi. Kilikuwa kinaungua ndani kwa ndani na hakuna aliyejua tangu lini. Watoto walikuwa wanacheza juu yake.

Zamani, fundi huyo alifanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi huko magharibi, mpaka wakapunguza watu. Alitueleza akiwa amekaa kwenye kiti chetu cha pekee, chai mkononi. Kule walikuwa wanapika mbao kwa dawa kali mpaka zinalainika kama ugali. Nyuzi zinatolewa, zinakuwa karatasi, na kinachobaki ni maji meusi tititi.

"Hiyo maji nyeusi ndiyo iko na gundi ya mti," alisema. "Bila hiyo gundi mti haiwezi simama, mama. Ingelala tu kama nyasi. Na ukiichoma, hiyo gundi inaendesha kiwanda mzima. Siku moja ilimwagika kwa mto. Samaki zote ziligeuka tumbo juu."

Alitabasamu aliposema hayo ya samaki. Kwake ilikuwa ushahidi wa nguvu ya kitu chenyewe. Mimi nikamwangalia mama, lakini yeye alikuwa anamwangalia fundi kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu mapipa yatobolewe.

Alichotaka fundi kilikuwa rahisi. Mafuta ya taa yalikuwa yamepanda bei, makaa pia, na vumbi la mbao lilikuwa linatupwa bure. Alikuwa analijaza kwenye pipa, analifunga na kuwasha moto chini yake, ili gundi ya mti itoke kama moshi badala ya kuungua. Shida ni kwamba moshi wote ulikuwa unamponyoka.

"Nimeambiwa hapa Kibera hakuna mtu anajua kupoesha moshi kama wewe," alisema.

Nikamwona mama anatazama chini ya kitanda.

"Ni pombe?"

"Si pombe, mama. Ni ya moto. Ya stovu. Ya kuwashia karabai."

Hapo ndipo jambo lilipopata baraka. Kanisa lilikuwa na karabai moja kubwa, na kila mtu aliyewahi kuwasha karabai anajua haiwaki mpaka uipashe kwanza kwa spiriti. Spiriti ilikuwa inanunuliwa kwa shida, na mara nyingi ibada ya jioni ilimalizwa kwa mishumaa. Mwenyekiti alipoambiwa, alifurahi kupita kiasi. Paipu iliyomtumikia shetani sasa itawasha taa ya Bwana! Alikuja mwenyewe, paipu ikatolewa kwenye leso, akaiwekea mikono na kuiombea kwa muda mrefu. Nilijiuma midomo nisicheke. Natamani ningecheka kwa sauti mpaka wote wakasirike waende zao.

Walijenga meko kule kwenye kijito, mahali pa wapishi wa zamani. Kutoka pipa la fundi kulikuwa kunapita moshi wa kahawia, unaingia kwenye paipu ya mama, unapoozwa na maji, na mwisho yanadondoka maji ya rangi ya chai yenye lami nyeusi chini yake. Lami ilikuwa inapakwa kwenye nguzo, na kweli mchwa hawakuzigusa tena. Makaa yaliyobaki pipani yalifinyangwa kuwa madonge ya kupikia. Hayo yote yalikuwa mazuri. Lakini harufu haikuwa ya dunia hii. Ilikuwa kama nyama iliyokaushwa kwa moshi ikichanganywa na sukari iliyoungua, halafu chini yake kuna kitu cha hospitali. Iliingia kwenye nguo, kwenye unga, kwenye nywele. Inzi, ambao Kibera haiwakosi, walihama pale. Sukuma wiki ya jirani, iliyokuwa inaota kando ya mfereji wa maji machafu, ilikauka mstari mzima kufuata mahali tulipomwaga masazo. Jirani alikuja kulalamika, fundi akamwomba msamaha na kumpa madonge ya makaa, yakaisha.

Siku moja polisi wawili waliuona moshi wakashuka mbio wakijua wamepata chang'aa. Mmoja alifunua ndoo, akainama kunusa, akaruka nyuma kama aliyepigwa kofi.

"Mathe, hii hata chura hawezi kunywa," alisema, wakaondoka wakicheka, wamejiziba pua.

Mimi na fundi tulicheka pia. Mama hakucheka. Miaka yote ya chang'aa polisi walimfunga, walimmwagia pombe yake, walimtukana, lakini hakuna aliyewahi kusema kilichotoka kwenye paipu yake kinanuka. Ilimuuma. Nilimjua, alikunja shingo pembeni kama kuku anayetafakari. Kesho yake aliyachukua maji yale ya rangi ya chai, akaanza kuyapika upya kwa njia zake.

Sitasema alifanyaje, na hata ningetaka sikujua yote. Alichuja, akatuliza, akapika tena, akatupa, akaanza upya. Fundi alikuwa anamwangalia tu. Mwishowe kitu kilianza kudondoka kwenye paipu kikiwa cheupe kabisa, chembamba, harufu yake ya moshi imebaki kwa mbali tu. Mama alimwaga tone kwenye kijiko, akawasha kiberiti. Moto ulikuwa wa buluu. Sijawahi kuona buluu safi namna ile; ulikuwa hauonekani mpaka uweke kivuli cha mkono.

Mama alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akajaza kifuniko cha chupa na kukinywa.

"Mama!" fundi alisimama. "Hiyo kitu si ya kukunywa!"

"Nani anakunywa? Naonja."

"Hata kuonja. Kule kiwandani, dawa kama hizi wanachora fuvu kwa pipa."

"Fuvu ni ya watu hawajui kazi," alisema mama. "Mimi nimepima na moto. Moto ya buluu haijawahi ua mtu wangu hata mmoja."

Na hiyo ilikuwa kweli. Hapo ndipo hasira yangu hushindwa pa kukaa, kwa sababu mama hakuwa mjinga wala mzembe. Katika kazi aliyoijua, moto wa buluu ulikuwa unasema kweli siku zote. Yeyote aliyekulia kando ya kijito kile angeuamini. Nilimgombeza vilevile. Nilimwuliza ile ahadi ya kanisani iko wapi. Alinijibu kwa upole, bila kuona haya, kwamba aliahidi kuhusu pombe, na hii si pombe. Fundi mwenyewe alisema si pombe.

Wiki zilizofuata aliamka na kichwa kinauma. Alisema ni moshi. Alifunga kitambaa kichwani na kwenda zake kuuza omena, na jioni moja moja alipika spiriti kidogo, akaonja kidogo. Karabai ya kanisa ikawaka kila ibada. Mwenyekiti alimtaja madhabahuni. Mama alikaa benchi la mbele akiitazama taa ile kama mtu anayemtazama mtoto wake akipewa zawadi shuleni. Mimi sikupenda mwanga wake. Nilihisi kuna kitu kinasubiri, na nikimwambia mtu ananiuliza kama nimekula.

Kisha ukatangazwa mkutano mkubwa wa injili, karabai zikaazimwa kutoka makanisa mengine, na spiriti ikatakiwa nyingi. Jumamosi hiyo mama hakwenda kwenye omena. Alipika kuanzia asubuhi mpaka jua liliposhuka, pipa baada ya pipa, na kila pipa lilikuwa na ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, na kila moja aliionja. Fundi alimsihi. Mara ya mwisho alijaribu kumpokonya kifuniko, mama akamwuliza kama yeye huwa anamfundisha fundi kupiga randa. Alirudi nyumbani amechangamka kidogo, akaimba akiosha miguu. Nilifikiri ni furaha.

Jumapili asubuhi alitapika. Akasema ni mchoko, akavaa sare yake nyeupe, tukaenda kanisani. Katikati ya wimbo wa pili akaniinamia.

"Nani amewasha moto hapa ndani?"

"Hakuna moto, mama."

"Si unaona hii moshi yote nyeupe?"

Mlango ulikuwa wazi, jua linaingia mpaka kwenye mimbari. Hapakuwa na moshi. Alikuwa anapumua haraka haraka kama mtu aliyepanda kilima, na mkono wake nilipoushika ulikuwa wa baridi.

Tulimpeleka hospitali kubwa, mimi, mwenyekiti, na fundi aliyetukuta njiani akaelewa kabla hatujamwambia. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alimmulika mama kwa tochi, akamwonyesha vidole, mama akavihesabu sawasawa, akilalamikia ukungu tu.

"Amekunywa nini?"

"Hanywi!" mwenyekiti alisema. "Huyu ameokoka."

"Ni spiriti," fundi alisema. "Ya mbao. Alikuwa anaonja."

Daktari alifunga macho kidogo. Alitueleza haraka, kwa maneno ya kawaida, na sijasahau hata moja. Spiriti ya mti ikiingia mwilini inageuka kuwa kitu kingine, na kitu hicho kinakimbilia macho, halafu kinamaliza mtu. Kinachoweza kuizuia isigeuke ni pombe ya kawaida. Dripu yake ilikuwa imeisha stoo. "Nendeni mlete pombe kali, ya dukani, chupa imefungwa. Nitampimia mwenyewe. Bado anaona. Kila mkichelewa ni macho yake, na baadaye ni yeye."

Kisha akaongeza, karibu kwa kujisemea, kwamba kama mama angekuwa bado mlevi, labda sumu ingechelewa kumkamata.

Fundi alikimbia. Alirudi na chupa, jasho linamtiririka, na daktari akapima kwenye glasi akachanganya na maji. Nikamwinua mama. Alipoisikia ile harufu, alifunga mdomo na kugeuzia uso ukutani.

"Hiyo ni pombe."

"Ni dawa, mama," nilisema.

"Nilisema hata kama ni dawa."

Nilimbembeleza, nikapiga kelele, nikapiga magoti kwenye sakafu ya wodi. Nilimwambia amekunywa sumu Jumamosi nzima akiiita kazi, na sasa anakataa dawa akiiita dhambi. Alinisikiliza. Alinipapasa kichwa. "Nilisema mbele ya watu, nyathina," alisema. Ungedhani tunajadili kitu kidogo, kama kumrudishia jirani sufuria yake.

Nikamgeukia mwenyekiti, kwa kuwa ni mbele yake ahadi ile ilitolewa. Nilitaka aseme neno moja tu. Alikuwa ameshika Biblia kifuani. Akasema tuombe kwanza. Akaomba. Aliomba kwa nguvu, kwa machozi, na sina shaka alikuwa anampenda mama. Lakini ombi lile lilikuwa refu, na mimi nilikuwa nimefumbua macho, naangalia jua likihama kutoka kitanda kimoja hadi kingine. Fundi alikuwa ameshika glasi kwa mikono yote miwili. Daktari alikuja, akatuona, akasema kwa ukali kwamba hatangoja amina ya mtu, akaitwa kwa mgonjwa mwingine aliyekuwa anavuja damu. Mama alikuwa ametulia, uso umeelekea dirishani. Hakulalamikia ukungu tena. Nilidhani amepata nafuu.

Ombi lilipoisha mwenyekiti alimtazama mama kwa muda. Sijui aliona nini. Ile sauti yake ya kufukuza ng'ombe ilitoka ndogo kabisa.

"Kunywa, dada yangu. Mimi ndiye nilikupokea ahadi. Mimi ndiye nakuambia ukunywe. Kama ni deni, Mungu aniulize mimi."

Machozi yalimtoka mama, lakini akajiinua akakaa wima, akarekebisha kola ya ile sare nyeupe.

"Basi geukeni wote," alisema. "Sitaki mtu anione nikikunywa."

Hakuna aliyegeuka. Fundi alikuwa amemshikia glasi hapo hapo mbele ya kifua chake. Mwenyekiti alikuwa amesimama mwisho wa kitanda, upande wa miguu, anamtazama usoni. Mimi nilikuwa karibu naye kiasi kwamba pumzi yake ilinigusa. Jua la alasiri lilikuwa linatuangaza sote.

Mama alisubiri. Macho yake, yale yaliyokuwa yanaona kijiwe ndani ya ungo wa omena, yalikuwa wazi, yameelekezwa kwangu.

"Mmegeuka?" aliuliza.

Mwenyekiti alijiziba mdomo kwa Biblia. Fundi aliniangalia. Ilibidi mtu ajibu.

"Tumegeuka, mama," nilisema.

Akaridhika. Akanyoosha mkono akaitafuta glasi hewani, fundi akaisogeza mpaka ikagusa vidole vyake, na mama akanywa yote.